Hita ya gari inapuliza baridi tupu hata injini ikiwa imepata moto, nianzie wapi?

#1 Kobe Mwendo
Wakuu salaam. Gari yangu ni ya petroli, injini ya lita 1.8, gia otomatiki, niliinunua ikiwa imeshatumika. Hita inapuliza upepo wa kutosha na feni inakubali namba zote, ila hewa inayotoka ni ya baridi hata nikizungusha kitasa mpaka mwisho wa nyekundu. Kikubwa siyo baridi yenyewe, ni kioo cha mbele. Asubuhi kinajaa ukungu naendesha huku nafuta kwa kitambaa, na nyuma nimebeba watoto wa shule.

Dalili nilizoziona ni hizi. Nikiwa barabara kuu joto linakuja kiasi, nikisimama kwenye foleni linakata. Mshale wa temperecha haufiki nusu, unaning'inia chini kidogo, hasa nikiwa kwenye mwendo. Nikiwasha gari nasikia ta-ta-ta-ta nyuma ya dashibodi, halafu inanyamaza. Gari haijawahi kuchemsha tangu niwe nayo.

Fundi mmoja kasema ninunue rejeta ya hita. Mwingine kasema themostati. Mwingine kasikiliza ile sauti akasema dashibodi yote ishuke. Kila mmoja ana uhakika wake. Naomba mwongozo kabla sijanunua kitu.

#2 Nyundo Kichwa
Gesi ya AC imeisha hiyo mkuu. Kajaze, mchezo umekwisha.

#3 Fundi Spana
@Nyundo Kichwa hapana ndugu yangu. Kwenye gari ya petroli au dizeli joto la hita halitoki kwenye gesi, linatoka kwenye maji ya injini. Yale maji yanayoipoza injini yanagawanyika. Sehemu inakwenda rejeta kubwa ya mbele, sehemu inapita kwenye hozi mbili nyembamba zinazotoboa ukuta wa injini na kuingia kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa kwenye hiyo rejeta ndogo, ndiyo unapata joto. AC ikiwa haina gesi hata chembe, hita itachoma kama kawaida.

Kwa hiyo @Kobe Mwendo maswali ya kwanza ni mawili tu. Maji ya moto yanafika kwenye rejeta ndogo? Na hewa inapita kwenye hiyo rejeta au inaikwepa? Usinunue kitu. Washa gari, iache mpaka ipate moto, weka hita mwisho wa joto, fungua boneti ushike zile hozi mbili pale zinapoingia ukutani. Mkono uwe mbali na feni ya rejeta, ile inajiwasha yenyewe bila kukuambia.

Zote mbili zikiwa za moto, maji yanafika na tatizo liko upande wa hewa. Moja ya moto na nyingine baridi, rejeta ndogo imeziba au vali ya hita imefunga. Zote baridi, maji hayafiki: yamepungua, au kuna hewa imenasa, au pampu imechoka, au injini yenyewe haipati moto wake.

Na zoezi hili ulifanyie nje, siyo ndani ya gereji iliyofungwa milango. Moshi wa gari unaua na hauna dalili ya kukuamsha.

#4 Mzee wa Gia
Mwanangu Kobe, umeshajijibu mwenyewe kwenye dalili ya pili. Mshale haufiki nusu ukiwa kwenye mwendo. Hiyo ni themostati imekwama wazi, au haipo kabisa. Mimi naamini haipo.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi unafungwa, maji yanazunguka ndani kwa ndani mpaka yapate moto, kisha unafunguka kwenda rejeta kubwa. Ukiondoa mlango, maji yanapita rejeta kubwa muda wote, upepo wa barabarani unayapoza, injini haifiki joto lake. Hita utaitegemea kwa maji ya vuguvugu?

Magari mengi yaliyopita mikononi mwa watu yameng'olewa themostati. Gari ilichemsha siku moja, fundi akaitoa, haikuchemsha tena, mwenye gari akafurahi, akaiuza. Anayenunua ndiye anapata gari inayokula mafuta, injini haipati moto, oili inachafuka mapema na hita ni pambo.

#5 Nyundo Kichwa
@Fundi Spana nimekusoma, lakini binamu yangu joto lilipotea kwenye gari lake, likaonekana halina gesi, wakajaza na joto likarudi. Kwa macho yangu. Hilo unalielezaje?

#6 Binti Umeme
@Nyundo Kichwa hilo gari ni la umeme?

#7 Nyundo Kichwa
Ndiyo, la umeme tupu.

#8 Binti Umeme
Basi uko sahihi kwa gari la binamu, na Fundi Spana yuko sahihi kwa gari la mleta uzi. Gari la umeme halina injini ya kuchemsha maji, kwa hiyo joto litafutwe kwingine. Kuna yanayotumia hita ya umeme, sawa na pasi ya nguo, na kuna yanayotumia pampu ya joto, yaani mfumo wa AC uliogeuzwa unaochukua joto nje na kulileta ndani. Nissan Leaf za mwanzo zilikuwa na hita ya umeme, pampu ya joto ikaja baadaye kwenye baadhi ya matoleo. Tesla Model Y imekuja nayo tangu 2020. Kwenye gari la namna hiyo gesi ikiisha, baridi na joto vyote vinaathirika.

Sasa kwa Kobe. Mimi sauti ya ta-ta-ta ndiyo imenisimamisha. Ndani ya sanduku la hita kuna kilango kinachochanganya hewa. Ukitaka joto, kinaelekeza hewa ipite kwenye rejeta ndogo. Ukitaka baridi, kinaikwepesha. Magari ya zamani kilivutwa kwa waya wa chuma kutoka kwenye kitasa, ya siku hizi kinazungushwa na kijimota chenye gia za plastiki. Jino la gia likivunjika, kijimota kinatafuta mwisho wa kilango kila unapowasha gari, hakiupati, kinaruka jino kwa jino. Ndiyo hiyo ta-ta-ta. Kilango kinabaki pale kilipoangukia, na kikiangukia upande wa baridi, maji hata yakichemka nyuzi 100 wewe hutasikia joto.

Jaribio ni rahisi. Gari ikiwa imepata moto, zungusha kitasa taratibu kutoka mwisho wa baridi hadi mwisho wa joto, sikio likiwa karibu na dashibodi. Kilango kizima kinasikika kikitembea halafu hewa inabadilika ndani ya sekunde chache.

#9 MamaPacha
Naweka kambi hapa. Yangu ilianza hivihivi, ila nilipata dalili ambayo Kobe hajaitaja: harufu tamutamu ndani ya gari na utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Ukifuta kwa kitambaa unasambaa tu, kioo kinazidi kuwa na mawingu. Nikafikiri ni sabuni ya kuoshea. Baadaye nikakanyaga zulia upande wa abiria na soksi ikalowa. Rejeta ndogo ilikuwa inavujia ndani, maji ya injini yakipungua kidogo kidogo bila tone kuonekana chini ya gari.

Kobe ingiza mkono chini ya zulia, usiguse juu tu. Sponji ya chini inanyonya maji mengi juu pakiwa pakavu.

#10 Chuma cha Pua
Wote mmeruka hatua moja. Kabla ya kushika hozi kwa joto, ZIANGALIE kwa macho. Gari iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kuwa haina hita tangu siku uliyokabidhiwa ufunguo.

Niliwahi kufungua boneti ya gari la jirani, nikakuta hozi mbili za hita zimekatwa na kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili. Maji yanatoka injini yanarudi injini, rejeta ndogo imeachwa kavu. Nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Hozi ilikuwa nzima kwa nje, lakini ukiibinya inchi chache kutoka ukutani unasikia kitu kigumu ndani. Tulipofungua klipu ikatoka bolti imesokomezwa humo, kutu imeishika na mpira, ikabidi tukate hozi. Mtu alikuwa na rejeta inayovuja, badala ya kuibadilisha akaziba njia na kuuza gari.

#11 Kobe Mwendo
Asanteni sana wakuu. Mrejesho wa kwanza.

Hozi zote mbili zinaingia ukutani, nimezibinya urefu wote na hakuna kitu kigumu. Zulia pande zote mbili kavu mpaka chini, harufu hakuna. Baada ya gari kupata moto, hozi moja huwezi kuishika hata ukihesabu mpaka tatu. Ya pili ni vuguvugu, unaishika muda wote unaotaka. Mtu akipiga resi na kuishikilia hapo, ile ya pili inaanza kupanda joto na hewa ndani inakuwa afadhali. Akiachia inarudi.

Kitasa nikikizungusha nasikia kitu kinatembea kwa ndani, lakini mwishoni kabisa mwa joto kinapiga ta-ta mara chache.

Injini ilipopoa nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji sikuyaona. Ile chupa ya akiba pembeni ilikuwa kwenye mstari wa chini, kwa hiyo nilikuwa najua yapo! Yameingia zaidi ya lita moja. Na yaliyomo yana rangi ya chai ya rangi.

#12 Fundi Spana
Hapo sasa. Chupa ya akiba kuwa na maji siyo ushahidi kwamba rejeta imejaa. Kifuniko kikichoka mpira wake, maji yanatoka kwenda kwenye chupa gari ikipata moto, lakini ikipoa hayavutwi kurudi. Rejeta inabaki na pengo juu, chupa inakudanganya.

Rejeta ndogo kwenye magari mengi imekaa juu kuliko sehemu nyingine za mzunguko. Maji yakipungua, hewa inapanda na kukaa humo. Injini ikinguruma polepole pampu haina nguvu ya kusukuma maji juu ya hiyo hewa. Ukipiga resi au ukiwa barabara kuu pampu inazunguka haraka, maji yanapita, joto linakuja. Ndiyo hadithi yako neno kwa neno. Umeshawahi kusikia sauti ya maji yakibubujika nyuma ya dashibodi ukiwasha gari asubuhi?

Jaza, kisha toa hewa. Pua ya gari iinuke kidogo, mlimani au kwenye jeki imara yenye stendi, kifuniko wazi injini ikiwa ya BARIDI, hita mwisho wa joto, washa, acha inguruma huku unaongeza maji kadiri yanavyoshuka. Kama injini yako ina skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka yatoke maji bila mapovu. Kifuniko usikiguse kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yale yako kwenye shinikizo, hayajachemka kwa sababu tu yamefungiwa, ukifungua yanalipuka usoni.

#13 Mzee wa Gia
Spana kazi yako naiheshimu, lakini umeuruka mshale wa temperecha. Hewa kwenye rejeta ndogo haishushi joto la injini. Kobe kasema mshale uko chini akiwa kwenye mwendo. Themostati!

Na hozi ya pili kuwa vuguvugu inaelezeka vilevile. Njia ya rejeta kubwa ikiwa wazi muda wote, maji yanafuata njia pana, kwenye hozi nyembamba za hita yanapita ya kubembeleza. Resi ikiongezeka yanalazimika.

#14 Fundi Spana
Mzee wangu, themostati ikiwa wazi, hita huwa afadhali kwenye foleni na mbaya barabara kuu, kwa sababu barabarani ndipo upepo unapoza maji. Kobe yeye ni kinyume, barabarani anapata joto na kwenye foleni anakosa. Kinyume kabisa.

#15 Mzee wa Gia
Anapata joto "kiasi". Soma tena post ya kwanza. Kiasi ndiyo joto la maji yasiyofika nyuzi 80.

#16 Chuma cha Pua
Nyote wawili mnaipita rangi ya chai. Hozi moja inachoma, ya pili vuguvugu, maji yana kutu. Rejeta ndogo imeziba. Vijibomba vyake ni vyembamba kama mrija wa soda, na maji ya bomba yakiwekwa miaka bila dawa ya kuzuia kutu yanaacha chumvi na tope. Halafu kuna ile dawa ya kuziba uvujaji inayomiminwa kwenye rejeta. Haichagui tundu. Inaziba pale unapotaka na inaziba vijibomba vya hita kwa sababu ndivyo vyembamba kuliko vyote.

Tofauti ndogo ya joto kati ya hozi mbili ni kawaida, maana joto limeachwa ndani ya kabini. Lakini moja isishikike na nyingine uishike unavyotaka, hapo maji hayapiti.

Kuiosha: fungua hozi zote mbili ukutani injini ikiwa imepoa, funga mpira unaoonyesha ndani kwenye bomba la KUTOKEA, sukuma maji safi kinyumenyume kwa nguvu ndogo yatokee upande wa kuingilia. Utaona kahawia, halafu vipande kama majani ya chai, halafu maji meupe. Geuza, rudia. Usitumie kompresa kwa nguvu zote, vijibomba ni vyembamba na ukivipasua ndipo dashibodi itashuka kweli.

#17 MamaPacha
Yanayotoka myakinge kwenye beseni tafadhali. Kulanti (ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya injini) nyingi ni ethilini glikoli, ni tamu mdomoni na ni sumu kali, inaharibu figo. Paka na mbwa wanailamba, na mtoto mdogo vilevile akiona kimiminika cha kijani au pinki anaona juisi. Usimwage mtaroni.

#18 Babu Kabureta
Nyie mna bahati mnatafuta themostati. Sisi tulioendesha Volkswagen Beetle ya injini ya nyuma hatukuwa na maji wala rejeta. Injini inapozwa na hewa, na joto la kabini linatoka kwenye bomba la ekzosi. Hewa inapita nje ya bomba la moshi ndani ya ganda la bati, inakuja miguuni kwako. Bomba likila kutu unaletewa joto pamoja na moshi. Tulikuwa tunaendesha kioo kimeshushwa kidogo hata kwenye baridi kali.

#19 Nyundo Kichwa
Babu shikamoo. Kwa hiyo hita ikifanya kazi unafungua dirisha, baridi inaingia. Ilikuwa na faida gani hiyo hita? 😂

#20 Babu Kabureta
Marahaba mjukuu. Ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Hilo ndilo Kobe analolilia pia.

#21 Dereva Mtulivu
Kwa kuwa Babu kagusa ukungu: Kobe wakati unasubiri matengenezo, washa AC na uielekeze kioo cha mbele, na uzime ile ya kuzungusha hewa ya ndani ili ichukue ya nje. AC inakausha hewa kabla haijafika kwenye kioo, ndiyo maana magari mengi ukibonyeza kitufe cha kioo cha mbele AC inawaka yenyewe. Bila hita itakuwa baridi, watoto wavae masweta, lakini utaona barabara. Kitambaa mkononi ukiwa unaendesha ni hatari.

Pia angalia kichujio cha hewa ya kabini, mara nyingi kiko nyuma ya droo ya abiria. Hakitakuletea joto, ila kikijaa vumbi na majani kinashika unyevu.

#22 Kobe Mwendo
@Dereva Mtulivu ahsante, hiyo ya AC imenisaidia asubuhi hiihii.

Mrejesho: nimejaza, nimetoa hewa kama Fundi Spana alivyoelekeza. Mapovu yalitoka mengi. Baada ya hapo hita ikachoma! Nikafurahi, nikataka kuja kufunga uzi. Wiki haijaisha imeanza kupoa tena kwenye foleni, na maji yameshuka tena, ingawa siyo kama mwanzo. Chini ya gari pakavu.

#23 Fundi Spana
Maji hayapotei hewani. Kama hayavuji nje na zulia ni kavu, yanaweza kuwa yanaingia kwenye injini. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ikianza kuachia, gesi za mwako zinasukumwa kwenye maji, zinakwenda kukaa pale juu kabisa, yaani rejeta ya hita. Ndiyo maana hita huweza kukata kabla hata mshale haujapanda.

Tafuta fundi mwenye kile kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Kikikutana na gesi za moshi kinageuka njano. Angalia pia kama oili ina rangi ya maziwa, na kama asubuhi ekzosi inatoa moshi mweupe usioisha hata gari ikipata moto.

#24 Chuma cha Pua
Usimtishe mwenzio na gasketi. Pampu ya maji ina kitundu cha chini, sili ikichoka inadondosha hapo, na tone likiangukia kwenye chuma cha moto linakauka kabla halijafika ardhini. Tafuta alama nyeupe au ya pinki kama chumvi chini ya pampu. Na pampu hiyohiyo, zipo zenye mapanga ya plastiki yanayolegea kwenye shafti, na za chuma ambazo mapanga yameliwa na kutu. Shafti inazunguka, mkanda mzima, nje hakuna dalili, lakini kwenye mzunguko mdogo haisukumi. Hiyo nayo inaeleza foleni na barabara kuu.

#25 Binti Umeme
Na ndiyo sababu ya kupima badala ya kubishana. Kobe, tafuta kile kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kinachounganishwa na simu. Kinaonyesha joto la maji kwa namba. Mshale wa dashibodi kwenye magari mengi umetengenezwa usimame palepale kwa nyuzi nyingi tofauti ili dereva asipate hofu, kwa hiyo mshale unaoonekana chini kidogo huenda ukawa chini sana. Angalia pia kama kuna kodi ya hitilafu, yaani namba ya kosa, P0128, hiyo inaandikwa pale maji yanaposhindwa kufika joto la themostati.

#26 Dereva Mtulivu
Na kulanti je? Aweke maji matupu au achanganye? Nimesikia maji matupu yanabeba joto vizuri zaidi.

#27 Chuma cha Pua
Hilo ni kweli kabisa, maji matupu yanabeba joto zaidi kuliko mchanganyiko. Ila hayana kinga ya kutu, na matokeo yake ni ile rangi ya chai. Nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa chumvi ndiyo kipimo cha kawaida, hayagandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri na yanachelewa kuchemka. Asichanganye aina mbili bila kusoma kitabu cha gari, zipo zinazogombana zikawa uji. Rangi siyo kigezo, watengenezaji wanapaka wanavyotaka.

#28 Mzee wa Gia
Themostati nyingi za petroli zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, zipo zinazozidi hapo. Namba imegongwa kwenye chuma chake. Kobe akisoma 70 na kitu barabarani, tuelewane.

#29 Kobe Mwendo
Wakuu nimerudi na namba.

Barabara kuu: 71 mpaka 74. Kwenye foleni inapanda taratibu mpaka 86, halafu feni inawaka. Kodi P0128 ipo. Kipimo cha bluu kimebaki bluu. Oili safi. Chini ya pampu kuna alama nyeupe ndogo upande mmoja, fundi anasema ni ya zamani. Rejeta ya hita nimeiosha kama alivyosema Chuma cha Pua, yametoka maji ya kahawia na vipande kweli. Sasa hozi ya pili ina joto zaidi ya mwanzo, lakini bado ni pungufu ya ile ya kwanza. Ta-ta bado ipo.

#30 Mzee wa Gia
71! Themostati. Funga mjadala.

#31 Fundi Spana
Mjadala haufungwi mzee. Themostati weka, nakubaliana nawe, 71 siyo joto la injini. Lakini kwenye foleni maji yana nyuzi 86 na hita bado inapoa. Joto lipo kwenye injini, kabini halifiki. Na maji yanakwenda wapi? Themostati hainywi maji.

Kipimo cha bluu kilifanywa injini ikiwa ya moto kweli, ikapigwa resi? Gasketi inayoanza kuachia huwa inafunga vizuri gari ikitulia, inafunguka ikibeba mzigo. Warudie baada ya kupanda mlima.

#32 Chuma cha Pua
Alama nyeupe "ya zamani" isafishwe kwa brashi na maji, ikauke, apige picha, atembee nalo kisha apige tena. Ikirudi siyo ya zamani. Mimi nabaki na pampu.

#33 Binti Umeme
Kobe swali moja. Kwenye foleni hewa inapokuwa ya baridi, matundu ya katikati, ya dereva na ya abiria yote yanatoa baridi sawa? Au kuna upande una afadhali?

#34 Kobe Mwendo
Sasa nimekwenda kuweka mkono kila tundu. La dereva baridi. La abiria vuguvugu. Sikuwa nimelinganisha kabla.

#35 Chuma cha Pua
Rejeta ndogo iliyoziba nusu inafanya hivyohivyo, upande maji yanapoingia unapata moto na wa mwisho unabaki baridi. Iosheni tena, safari hii iachwe na dawa ya kusafishia usiku mzima.

#36 Binti Umeme
Au vilango ni viwili na vijimota viwili, na kimojawapo ndicho kinachopiga ta-ta. Gari yako ina vitasa viwili vya joto, cha dereva na cha abiria?

#37 Kobe Mwendo
Kitasa ni kimoja. Lakini ta-ta inasikika zaidi upande wa abiria, siyo wa dereva.

#38 Mzee wa Gia
Weka themostati kwanza mwanangu, yenye namba ya kitabu cha gari lako, na gasketi yake mpya. Kwenye ile nyumba yake angalia kama ya zamani ipo au hamna kitu. Uje utuambie ulichokuta humo.